Jiwe Alilopewa Kemirembe

Rwezaura wa Bweranyange alikuwa fundi wa mawe ya kusagia, na majivuno yake, loo, hayakuwa na kifani. Miaka ile ya kabla ya vita vya pili vya dunia kila nyumba ilisaga ulezi kwa mkono, na nyingi zilisagia mawe yake.

Kazi ilianzia mlimani, kwenye kuchagua. Hakuligonga jiwe, alitazama kilichoota juu yake. Lililovaa kuvumwani, ile ya kijani inayolowa na kuvimba, alilipita: hilo hunywa maji, ni laini, humomonyoka. Alitaka lile kavu, lenye mabaka ya kijivu na manjano yaliyong'ang'ania hata kucha haziyabandui. Hilo ndilo gumu. Na kweli, alikuwa hakosei.

Alikosea mara moja tu. Binti yake Kemirembe alipokaribia kuolewa kijiji cha Nyakatuntu, Evangelina, mke wa Rwezaura, aliyasugua mawe yote ya uani kwa mchanga ili wakwe wakute kunang'aa. Akasugua hata lile la kuvumwani walilokalishia mtungi wa maji. Rwezaura, shughuli zimemzonga na mawe yote sasa yamefanana, akachukua mojawapo akamchongea binti. Lilichongeka upesi mno. Akajisifu kuwa mkono wake sasa umekomaa!

Baada ya mavuno habari zikamfikia: mama mkwe wa Kemirembe anasema mkamwana ni mchafu, ugali wake una mchanga, na atarudishwa kwao. Rwezaura akawaka. Binti yake, mchafu? Akashika njia ya Nyakatuntu siku hiyohiyo.

Kemirembe akapiga magoti. "Shikamoo, baba." Akamwandalia ugali. Tonge la kwanza likalia menoni, kwacha! Rwezaura akanawa mikono, akaenda kulipapasa jiwe la kusagia. Kiganja kikarudi na vumbi la kijivu.

"Ulijua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu wiki ya kwanza, baba."

"Ukanyamaza, unaitwa mchafu?"

"Ningesema jiwe ni bovu, nani angechukua tena mawe yako?"

 Rwezaura akatoka hadi uani, alikokuwa mama mkwe na majirani wakianika ulezi.

"Binti yangu si mchafu," akasema, kwa sauti iliyofika hadi migombani. "Jiwe ndilo bovu. Na nimelichonga mimi, Rwezaura wa Bweranyange."