Gauni la Harusi na Chupa ya Mafuta

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu utoto haambiliki. Mteja akitaka mikono mifupi, anamshonea mirefu, na mteja anaondoka akishukuru. Lakini gauni la harusi la bintiye mwenyewe alilishona, akalifumua, akalishona tena, hadi mimi nikachoka kwa niaba yake. Harusi ilikuwa ng'ambo, na yeye kibali cha kusafiri walimnyima. "Gauni liende, mimi nibaki," alisema, akainamia cherehani tusimwone uso.

Siku ya safari, binti akakumbuka mafuta ya nywele anayochemsha mama yake. Dada akayatia kwenye chupa ya plastiki, akaiacha nusu tupu makusudi ili yasimwagike, akakaza kifuniko mpaka vidole vikamuuma. Kisha, kwa mapenzi tu, akaiviringisha chupa katikati ya gauni isije ikagongwa. Hata mimi niliona ni akili.

Ndege ilipokwisha ruka, tulimkuta mume wangu nje ya uwanja. Yeye ni mpakia mizigo na alikuwa anamaliza zamu. Tulipomsimulia habari ya chupa alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Shemeji, kule juu hewa inapungua nguvu. Ile iliyofungiwa kwenye chupa inatanuka, inasukuma mafuta nje. Pakiti za bisi zenyewe huwa zinavimba kama mito. Chupa nusu tupu ndiyo mbaya zaidi, ina hewa nyingi."

"Nimekaza kifuniko."

"Ungeibonyeza hewa itoke, ukaitia kwenye mfuko wake peke yake."

"Sasa mpigie rubani!" dada akamfokea, kana kwamba yeye ndiye aliyeumba mawingu.

Simu ya binti ilikuwa imezimwa. Dada aliipiga njia nzima hivyo hivyo. Nyumbani akapekua mabaki ya kitambaa chini ya cherehani, akapata kipande kisichotosha hata kola. Akakikunja, akakikunjua. Roho iliniuma. Chai niliyomwekea ilipoa.

Kesho yake, siku ya kuamkia harusi, simu ikalia.

"Mama, nimefika salama! Sanduku sijalifungua hata, lakini chumba kizima kinanukia mafuta yako. Yaani kama niko nyumbani!"

Dada akanitazama.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," akasema. "Lifungue."