Damu Yangu Mbele ya Labo

Makoozi yalinikimbia. Wakati TB ilinikamata kule Salamabila mu mashimo ya zahabu, nilikuwa nayo ya kuuza soko nzima. Kisha miezi ya dawa, muganga wa hospitali ya Kasongo akanipa kikopo cha makoozi, nikakohoa mpaka mama mumoja mu foleni akasema, "Papa, acha, utatema mapafu." Kikopo kikabakia safi.

"Basi tutatazama damu mu labo, kwa mashini," muganga akasema. Ugonjwa ukiwa na nguvu, mwili unapigana, na ile vita inaacha alama mu damu. Dawa ikishinda, alama inashuka. Mi nilikomea mu ya pili sekondere, nikasikia vile nilitaka: damu mingi, nyekundu, ndiyo inapita mutihani.

Nyumbani nilikuwa nalala mu jiko, mimi na mbuzi, nisiambukize watoto. Bibi yangu, mama ya watoto, alisema, "Siku labo itasema dawa inashinda, utarudi ndani kwa watoto." Hakukasirika. Alisema kama mutu anapanga kuni. Watoto wakinisalimia kutoka mulango, niliwafanyia sura ya nyani. Walicheka, wakaenda. Mi sikusikia kitu, hata huzuni.

Siku ya damu, mama mukwe akanipondea matembele mabichi, akachanganya maji yake na tomati ya mukebe na sukari. Kwetu ndiyo inaongeza damu. Nikamaliza bakuli.

Muganga akatazama midomo yangu. "Papa, naomba damu, wewe unaniletea mchuzi?"

"Nimeisaidia kidogo, dokta."

"Hatutafuti wekundu hapa. Tunatafuta kama vita inapoa."

Watu wote wa labo wakacheka, na mi nikacheka kuwapita. Kisha nikaona hakuna kitu ningeweza kunywa tena ili alama ishuke.

Wakanitoa damu, jibu likatoka: alama imeshuka.

"Nimepona?"

"Bado. Dawa iko inashinda, haijamaliza. Usiiache. Lakini unaweza kulala na watu wako, dirisha wazi."

Nilimuambia bibi maneno yote, hata ile "haijamaliza". Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akapanguza mikono, akabeba mukeka wangu mpaka ndani, akautandika chini ya dirisha.

Nilingoja furaha. Haikukuja. Mutoto mudogo akapita mbio, akanikanyaga muguu. Dawa imeufanya ganzi, sikusikia. Lakini alisimama, ananitazama.

"Yooo!" nikapiga kelele. "Umeniua!"

Akacheka, akaukanyaga tena.