Leso juu ya Nyonga

Fundi wa nyonga pale Obunga huzichora kwenye laptopu, kisha printa iliyo kando ya kitanda chake huzijenga kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, ili wakunga wanafunzi wajifunzie. Kila moja huipiga msasa, akaipitisha shavuni. Ikimkwaruza hutukana, akaanza upya. Jana Mama Benta wa kanisani aliingia, akaona kichwa cha mtoto cha plastiki kikitokeza kwenye mojawapo ya nyonga hizo, akavua leso yake na kuifunika nyonga hiyo.

“Hii ni aibu yetu sisi wamama,” alisema.

Fundi aliinyakua ile leso, mishipa ya shingo imemsimama.

“Sawa, nitaifunika. Hao wanafunzi wajifunzie kwa Benta wako. Si anajifungua mwezi ujao?”