Tone la Wazee

Mama mkwe wangu hakuweza kunywa kitu bila kumwaga tone chini kwanza. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, maziwa, hata dawa ya kikohozi: tone la kwanza lilikuwa la wazee waliolala ardhini. Miaka ile ya hamsini, kwetu Masisi, tone hilo lilitosha kumnyima mtu ubatizo. Padri alikuwa na mtego wake. Mtihani wa katekisimu ukiisha, alikupa kikombe cha maji, kisha akakodolea macho sakafu.

Mama aliutaka ubatizo kwa sababu moja. Baba mkwe alibatizwa akiwa mahututi, akazikwa kwenye makaburi ya misioni, ambako mpagani hakulazwa. Mama alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka yote, na hakukubali kutengwa naye sasa.

Basi mimi, Mkristo tangu utotoni, nikamfundisha ulaghai. Atetemeshe mkono, tone lianguke, tusingizie uzee. Tulifanya mazoezi jikoni juma zima. Mama, mwenye nguvu za kubeba mikungu miwili ya ndizi kutoka Muheto, aliigiza kutetemeka vibaya sana hadi tukacheka tukashika mbavu.

Siku yenyewe alijibu maswali yote. Padri akamletea kikombe, na mjanja yule alikuwa amekijaza nusu tu, ili mkono ukitetemeka kisimwagike. Mama akakitazama. Akanywa yote, mkono umetulia, sakafu kavu. Padri akatabasamu na kumwandika. Nilitembea kwa furaha mpaka tulipofika nyumbani.

"Leo nimekunywa sawa mwizi," akaniambia. "Miye peke yangu, bila wazee."

Akalia, nami nikauonea haya ujanja wangu.

Mkesha wa Pasaka tulikuwa kanisani, yeye amevaa kitambaa cheupe. Kabla ya kubatiza, Padri aliyabariki maji kwa sala ndefu ya Kilatini, akayapulizia. Halafu akayachota kwa mkono na kuyamwaga sakafuni, pande zote nne.

Mama akanipiga kiwiko.

"Unaona? Naye iko anawapa wazee kwanza."

Akainamisha kichwa abatizwe, akitabasamu.

Leo amelala kando ya mume wake. Nikienda kuwaona napiga ishara ya msalaba, kisha namwaga tone, na mkono wangu hautetemeki hata kidogo.