Muzee Aliyeogopa Tumbo Lake

Asubuhi ya ukungu, ziwa lenyewe halionekani, niliketi kwenye benchi la famasi moja ya Nyalukemba, mtaa wa kando ya ziwa. Kando yangu alisinzia muzee aliyechimba dhahabu Luhwindja hadi udongo ulipoporomoka ukamvunja mgongo. Mkewe alimnong'oneza muuguzi dirishani:

"Maman, anakataa morfini. Anasema heri maumivu."

"Juu ya nini, Papa?" muuguzi akauliza.

Muzee akafumbua macho polepole, kama anayerudi kutoka mbali, akashika tumbo.

"Ile dawa inalalisha maumivu, lakini inalalisha na matumbo. Siende tena choo. Nilizani niko nakufa, nikaona haya kusema."

Muuguzi akatoka, akainama mbele yake.

"Hapana, Papa. Ile dawa iko inafunga tumbo ya kila mutu. Usiiache. Nitakupa ingine ya kufungua. Unakunywa zote mbili kila siku, na maji mingi."

Muzee akashusha pumzi ndefu. Mkewe akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Sitwayeni, raia wenzangu, salamu zetu huuliza habari za watoto, mashamba, hata mbuzi. Sijui nani aliliacha tumbo nje ya salamu hizo.