Bibi Harusi Aliyetoka Fungate Kupiga Kura

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kufanya kazi na akaniongezea umri wa kuisimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafia, na kama walimu wengi, kila ulipofika uchaguzi niliitwa kusaidia. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jibondo, nikiwa karani mwongozaji, yaani yule anayepanga foleni na kumwonyesha mtu pa kuingilia. Wanawake wa kule walizoea foleni ya maji yanayoletwa kisiwani kwa chombo cha baharini, basi waliweka ndoo zao kwenye mstari zishike nafasi, wenyewe wakarudi kupika. Nikawa nazisogeza ndoo moja moja. Msimamizi wa kituo akachungulia dirishani.

“Mwalimu, hizo ndoo zimejiandikisha?”

Miaka ikapita, nikawa mimi ndiye msimamizi wa kituo, nikapelekwa Miburani. Mtendaji wa Kata, mtu wa maneno machache, alinikabidhi masanduku akasema, “Mwanamke wee, leo huna mjomba wala shangazi. Una wapiga kura tu.”

Alijua alichosema. Kwetu kura zilikwenda kwa nyumba. Nyumba hii ya chama hiki, nyumba ile ya kile, tangu babu hadi mjukuu, na aliyeolewa alihamia chama kama alivyohamia jiko. Ukijua nani kamwoza nani, ungeweza kuyataja matokeo kabla sanduku halijafunguliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiyabashiri kimoyomoyo, na sikukosea sana.

Uchaguzi mmoja ulikuta harusi imepita siku chache tu. Mwanahawa, niliyemfundisha kusoma, alikuwa bado yumo fungate, zile siku ambazo bibi harusi hatoki nje. Adhuhuri ilipopita nikamwona anaingia kituoni kwa buibui, ananukia udi, ameshikwa mkono na somo yake, yule mama aliyemfunda.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Lete kidole.”

Kabla ya kumpa mtu karatasi tulikagua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa sababu aliyekwisha kupiga kura hupakwa hapo wino usiofutika. Cha Mwanahawa kilikuwa cheusi.

Mawakala, wale wanaokaa kituoni kulinda kura za vyama vyao, walikuwa wawili. Hamadi, shemeji yake mpya, akaruka kitini, akihofu kuwa bibi harusi wa siku chache bado ana chama cha kwao. “Haruhusiwi! Huyu kashapiga!”

“Kapiga wapi, naye yumo ndani tangu harusi?” akajibu Bwana Shomari, ami yake Mwanahawa, wakala wa chama cha pili. “Hilo piko, rangi ya harusi! Tena kampaka mama yako mwenyewe!”

“Mama kapaka piko. Wino chini yake nitaujuaje?”

Foleni ikacheka. Mwanahawa hakucheka. Akaniinamia sikioni. “Mwalimu, wamenipa ruhusa ya kutoka mara hii tu. Nikirudi bila kupiga, ndiyo basi.”

Nikatazama daftari la wapiga kura. Jina lake halikuwa limewekwa alama. Lakini pingamizi lilikuwa la kidole, na kidole ndicho kilichotakiwa kujibu. Nikaupeleka mkono wake dirishani penye mwanga. Piko lilikuwa maua na vikonyo vyembamba hadi ubavuni mwa ukucha, na katikati ya vikonyo ngozi ilikuwa safi. Wino wetu ukigusa ngozi huenea, hauachi nafasi.

“Hamadi, baba, njoo uyaone maua ya mama yako.”

Akaja, akainama, akayaangalia kwa muda. Sauti ikamshuka. “Ndiyo. Ni mkono wa mama huu. Mpeni karatasi.”

Mwanahawa alipokuwa anaelekea kwenye kituturi, pale pa kupigia kura kwa siri, ami yake akashindwa kunyamaza. “Mwanangu, usisahau kwenu!”

“Wala kwako ulikoolewa!” akadakia Hamadi.

Nilikuwa nimefungua kinywa kuwakemea wote wawili, bibi harusi akageuka.

“Ami, na wewe shemeji, nisikilizeni. Nimeolewa mimi. Kura yangu haijaolewa.”

Wanawake wakapiga vigelegele, nami ikanibidi niwanyamazishe, maana kazi ni kazi, ila nilikuwa nimeinamisha uso wasinione ninavyotabasamu. Alipotoka kituturini nikampaka wino kwenye pingili, chini ya maua ya mkwewe.

Jioni tulihesabu, mawakala wote wawili wakatia saini bila pingamizi. Nimestaafu sasa. Vijana wakiniuliza Miburani wanampa nani, nawaambia tangu siku ile niliacha kubashiri. Mwanahawa ni jirani yangu, tunagawiana chumvi, na mpaka leo sijui alimchagua nani. Namshukuru Mungu kwa kutojua huko.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mola akupe afya na riziki ya halali, akutulizie nyumba yako, na akujaalie watu wa kukusikiliza unaposema. Amin.