Maua ya Mama wa Chaji

Mama anayetuchajia simu hapa Salamabila, kwenye machimbo, hachimbi dhahabu, hata katika ule mchezo wa kujenga kwa matofali anaoucheza kwenye simu yake. Yeye hutafuta maua. Akipata ua moja huko porini, hulipanda mbele ya nyumba aliyoijenga, hulimwagia unga wa mifupa, ndiyo mbolea ya mchezo huo, na maua yakizaana hucheka peke yake, kidole gumba kikipapasa kioo polepole. Jana alimpa mchimbaji mmoja simu hiyo aichezee, wakati ya mchimbaji ikichajiwa. Aliporudishiwa, bustani nzima ilikuwa shimo.

“Nilikuwa natafuta tu zahabu, mama.”

“Shamba yangu mulichimba, nikanyamaza,” akafoka. “Sasa hata maua ya mu simu?”

Akaichomoa simu ya mchimbaji, chaji ingali asilimia kumi, akamsukumia kifuani.